Kasi ya Mto na Usalama wa Mgonjwa

Mvuvi wa Matema anapopiga kafi, mtumbwi husogea, na maji yaliyo kandokando yake husogea pia. Mtumbwi ukishashika mwendo, karibu nguvu zake zote huishia majini, zikaonekana nyuma kama mawimbi na maji yazungukayo. Kila kitu kigumu kinachopita majini huyapa maji hayo nishati ya mwendo. Ndiyo sababu mtumbwi huchongwa mwembamba: umbo hilo hupunguza nishati inayopotea.

Mtu akisimama mtoni na maji yakampita, kanuni ni ileile, ila sasa mtoaji wa nishati ni mto, na miguu ndiyo inayosukumwa.

Mito ya Kyela, kama vile Kiwira, Mbaka na Lufirio, hushuka kutoka nyanda za juu za Rungwe na milima ya Livingstone hadi tambarare ya Ziwa Nyasa. Wakati wa masika watu hutazama kina chake, wakasahau kasi. Msukumo wa maji hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara 2, msukumo huwa mara 4. Mtu mzima aliyezama hadi mapajani, katika mkondo wa mita 1 kwa sekunde, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10. Mkondo ukifika mita 2 kwa sekunde, nguvu hiyo hukaribia kilo 40. Wakati huohuo maji humwinua, na nyayo hazishiki chini sawasawa. Aliyebeba mtoto mgongoni hupoteza mizani upesi zaidi.

Kwa hiyo, ndugu mgonjwa, usivuke mto uliofurika kwa kuwa tu maji ni ya magotini. Siku ya kliniki iliyopita hupangwa upya.

Nawe mhudumu, kabla ya masika waulize wagonjwa wako ni nani hukaa ng'ambo ya mto. Wapewe dawa za muda mrefu zaidi pale mwongozo unaporuhusu, na wajawazito waliokaribia kujifungua wasogee karibu na kituo mapema.

Aliyeopolewa akiwa hapumui apuliziwe pumzi kwanza, kisha akandamizwe kifua, tumbo lisiminywe. Hata akizinduka, apelekwe kituoni, kwa kuwa hali ya mapafu yaweza kuzorota saa kadhaa baadaye.