Kibaba cha Nini? Ujazo na Uzito Jikoni

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba 2 ni kisaga kimoja, na visaga 2 ni pishi moja. Vyote hivi ni vipimo vya ujazo. Mnunuzi mwangalifu alitaka kujua pia kama pishi ni ya mfuto, yaani iliyofutwa juu ikawa sawa na mdomo wa chombo, au imejazwa kwa kilele. Swali hilo lina fizikia nyingi ndani yake.

Tuchukue kikombe cha mililita 250. Maji yakikijaza huwa na gramu 250. Mafuta ya kupikia hufikia gramu 230 hivi, sukari 210, mchele 200, na unga wa ngano uliochekechwa 125 tu. Chumvi laini huyazidi maji: karibu gramu 300. (Mwalimu wa fizikia angependa tuseme tungamo, hapa tutasema uzito, kama wasemavyo sokoni.)

Lakini punje ya mchele huzama majini. Yawaje basi kikombe cha mchele kiwe chepesi kuliko cha maji? Sababu ni hewa iliyo kati ya punje. Fuwele ya chumvi ina gramu 2.16 katika kila mililita, ilhali chumvi laini kijikoni ina gramu 1.2 hivi, karibu nusu ya kijiko ni hewa.

Unga ndio usioaminika kabisa. Mapishi yakitaka gramu 500 nasi hatuna mizani, twagawanya 500 kwa 125, twapata vikombe 4. Hesabu hiyo ni sahihi kwa unga uliochekechwa na kumiminwa polepole. Ukishindiliwa, kikombe kilekile huweza kuchukua gramu 160, na vikombe 4 vikawa gramu 640. Maji yakibaki yaleyale, kinyunya kitakuwa kikavu na mkate mgumu, na mpishi ataisingizia hamira. Wanafunzi na wajaribu: pimeni kikombe cha unga uliochekechwa, kigongesheni mezani mara 20, kijazeni tena, kisha mpime upya.

Hasara ya mkate ni ndogo. Mtoto anayeharisha hupewa maji ya chumvi na sukari, na kanuni ya nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya mfuto. Nusu kijiko cha mililita 5 ni gramu 3 za chumvi laini. Anayetia kijiko kizima chenye kilele huweza kutia mara tatu ya kiasi hicho, na chumvi iliyozidi ni hatari kwa mtoto. Chumvi ya chembe kubwa nayo hupungua uzito katika kijiko kilekile. Ndiyo maana pakiti ya zahanati ni bora: kwa kanuni iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, zilizopimwa kwa mizani kiwandani.

Kinachobaki kwa mzazi ni kupima maji, na maji hayana hila ya hewa: chupa 2 za nusu lita, zikijaa, ni lita moja, nayo ni kilo moja.