Habari ya Mgonjwa ni ya Nani?

Muuguzi anayeishi Mji Mkongwe wa Unguja hana pa kujificha. Akitoka zamu ya usiku spitali ya Mnazi Mmoja akashika njia ya Vuga kurudi kwao, hakosi kupita baraza lenye watu wanaomjua, na katika hao hakosi mmoja ambaye shemeji yake au jirani yake amelazwa. Salamu zikishapita, linafuata swali: "Haya mwanangu, yule mgonjwa wetu ana nini hasa?" Anayeuliza hana nia mbaya. Pengine anataka kujua kama apeleke uji au apeleke pesa. Lakini ameuliza jambo ambalo wataalamu wa maadili ya tiba hawajaacha kubishana juu yake: habari ya maradhi ya mtu ni mali ya nani?

Vitabuni jibu ni jepesi. Kanuni za Maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza 1953 na kupitiwa upya 2021, zinamtaka muuguzi atunze siri za anayemhudumia. Kiapo wanachokisoma wahitimu wa uuguzi, mishumaa mikononi, kinasema hayo hayo. (Huitwa kiapo cha Florence Nightingale, ingawa hakukiandika yeye. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati ya Lystra Gretter, kwa kufuata kile cha madaktari.) Kisha Tom Beauchamp na James Childress wakatoa kitabu chao cha maadili ya tiba mwaka 1979, na tangu hapo wanafunzi wanakariri misingi minne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea wema, kutomdhuru, na kutenda haki.

Tabu ni kwamba mgonjwa wa vitabu hivyo yuko peke yake kitandani. Wa Unguja hayuko peke yake. Yupo dada aliyeleta chai kwenye chupa, yupo mtoto anayekimbia duka la dawa pale dawa inapokosekana spitali, yupo ami anayelipa. Hao hawakuja kutazama tu. Ndio wanaomlisha, wanaomgeuza, wanaomshika mkono kwenda msalani, kazi ambazo wauguzi wawili watatu wa zamu hawawezi kuzimaliza kwa wodi nzima. Kuwaita watu hao wasiohusika ni kukosa adabu, na pia si kweli. Ndiyo maana hoja ya mwanasaikolojia Carol Gilligan ya mwaka 1982, kwamba maadili hayajengwi kwa haki za mtu mmoja mmoja pekee bali pia kwa mafungamano na kutunzana, iliwaingia sana wauguzi. Walikuwa wakiiona kila siku kazini.

Basi jamaa wana nafasi yao. Nafasi hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi? Hapo ndipo penye mgogoro.

Chukua mama aliyekatwa kipande cha nyama kikapelekwa kupimwa. Majibu yametoka: saratani. Mtoto wake mkubwa anamvuta muuguzi ukumbini. "Nesi, tunakuomba, mama asiambiwe. Akijua atakufa kabla ya siku zake." Ombi hili linatoka kwenye huruma, na mwenye kulidharau hajauguza mzazi. Mwanafalsafa Immanuel Kant hatusaidii sana hapa. Mwaka 1797 aliandika kwamba uongo haufai hata kwa muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako. Maneno ya mtu asiyewahi kufanya zamu.

Mimi sina haja ya kufika kwa Kant. Kwetu uongo huu unaumbuliwa na bahari. Mgonjwa wa saratani wa Unguja anayehitaji mionzi hupandishwa boti kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na jina la Ocean Road peke yake limeshakuwa jina la maradhi. Mama aliyeambiwa ana "uvimbe kidogo" atajua akifika getini, au atajuzwa na mgonjwa mwenzake kwenye benchi. Atakuwa ameijua habari kubwa kuliko zote za maisha yake mbele ya watu asiowajua, na papo hapo atajua kwamba wanawe wote walikuwa wakimficha. Na asipojua, hapati nafasi ya kulipa deni, kuomba radhi, kuandika wasia.

Kuna na mwingine anayeumia. Daktari hutoa majibu akaondoka, anayeulizwa "Nina nini, mwanangu?" saa nane za usiku ni muuguzi. Anabeba uongo ambao hakuutunga. Andrew Jameton, aliyeandika juu ya maadili ya uuguzi mwaka 1984, aliueleza mzigo wa aina hii, wa kulijua lililo sawa na kuzuiwa kulitenda, na akauita dhiki ya kimaadili.

Upande wa pili kuna Virusi vya UKIMWI, ambako mambo yanageuka: mgonjwa anajua na hataki mwingine ajue. Tangu wagonjwa wa mwanzo wagunduliwe Zanzibar mwaka 1986, tumejifunza kwamba siri haivuji kwa mdomo tu. Inavuja kwa mlango unaoingilia, kwa siku ya kliniki, kwa kadi, kwa jina linaloitwa kwa sauti dirishani. Wapo wanaokiacha kituo kilicho jirani na nyumbani wakaenda kuchukua dawa kituo cha mbali. Muuguzi asiyesema neno lakini akaacha jalada wazi mezani ameshasema.

Visa hivi viwili vinajibiwa na jambo moja ambalo kila aliyepita chuo cha Qurani analijua: Sura An-Nisaa inaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Muuguzi amewekeshwa habari. Mwenyewe si yeye, wala si ami anayelipa, ni mgonjwa. Akishaipokea, aigawe anavyotaka.

Hata kutoitaka ni haki yake. Ndiyo maana ningependa swali hili liulizwe siku ya kulazwa, kabla ya vipimo, wakati hakuna aliyeshtuka bado: "Bibi, majibu yakitoka, uambiwe wewe, au awepo nani?" Akisema, "Mwambieni mwanangu, mimi sitaki kusikia," ameamua, na uamuzi huo uandikwe kwenye jalada ili zamu ya usiku nayo iujue.

Nawe msomaji, siku mtakapolaza mtu wenu, kabla hujamvuta muuguzi pembeni, muulize mgonjwa kwanza kama amekuruhusu.