Blanketi la Viraka la Mtoto: Kosa Lipi Tuliache, Lipi Tulifumue?



Akina mama wengi katika parokia zetu hupenda kumshonea mtoto anayetarajiwa blanketi la viraka. Mabaki ya kanga, vitenge na mashuka ya zamani hukatwa vipande, huunganishwa, kisha hutiwa bitana laini kwa chini. Ni kazi njema na haina gharama kubwa. Hata hivyo, kazi ya mkono haikosi kasoro. Pembe za viraka hazikutani, mshono umepinda, au ua la kitenge limeangalia chini. Hapo mama huanza kujiuliza: nifumue au niache?

Huenda mkashangaa swali hili limeingiaje katika ukurasa wa afya. Sisi wauguzi tunaohudumia wazazi tunalikuta mara kwa mara. Wapo akina mama wanaolificha blanketi lao ndani ya kikapu, wakiona haya mbele ya jirani aliyenunua la dukani. Wapo wanaokesha wakifumua na kushona upya, mimba ikiwa na miezi 8, macho yakiuma na mgongo ukilalamika. Aidha, yapo mablanketi yaliyonyooka kabisa, yanayosifiwa na wote, lakini yana uzi unaoning'inia au kifungo kilicholegea.

Kanuni tunayoitoa ni moja. Kosa linalosumbua jicho tu laweza kuachwa. Kosa linaloweza kuugusa mwili wa mtoto lifumuliwe, hata kama hakuna anayeliona.

Makosa ya kuachwa

Kiraka kilichokaa upande, rangi zisizopatana, mishono mikubwa na midogo ikiwa pamoja, ukingo usionyooka: hayo yote hayamdhuru mtoto. Yeye anahitaji kitambaa safi, kikavu na laini. Kuteleza si kuanguka. Kwa mama mjamzito, usingizi wa usiku una faida kuliko pembe zilizokutana.

Hapa tunatoa tahadhari. Mama mjamzito akiumwa kichwa sana, akiona maruerue, au akivimba uso na mikono, asiseme ni uchovu wa kushona. Hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Aiache sindano na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Makosa ya kufumua

La kwanza ni uzi mrefu uliolegea, hasa upande wa ndani. Kidole cha mtoto mchanga huweza kunaswa na uzi ukajizungusha na kukaza. Damu haipiti vizuri, kidole huvimba, na mtoto hulia bila kunyamaza hata akinyonyeshwa. Kwa hiyo mtoto akilia hivyo, mvueni nguo zote, soksi pia, mtazame vidole vya mikono na miguu, na kwa mtoto wa kiume uume wake. Mkiuona uzi na mkaweza kuukata bila kumjeruhi, ukateni. Ikiwa hauonekani vizuri, au uvimbe na rangi havirudi haraka katika hali ya kawaida, mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje asubuhi, kwa maana kidole kilichokosa damu kwa muda mrefu huweza kufa. Unywele wa mama nao huweza kufanya vivyo hivyo.

La pili ni mshono ulioachia na kufanya tundu. Mtoto huingiza kidole humo, au huchomoa pamba au sufi iliyojazwa ndani na kuitia mdomoni.

La tatu ni mapambo. Vifungo, shanga na utepe mrefu havifai kwenye blanketi la mtoto mdogo. Kifungo kikichomoka humezwa au hukwama kooni, na utepe huweza kumzunguka shingoni. Kama mnataka pambo, darizini ua kwa uzi na kulifunga imara kwa nyuma.

La nne ni pini na sindano. Zihesabuni kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Ikipungua moja, kazi haijaisha mpaka ipatikane.

Namna ya kukagua na kurekebisha

Ligeuzeni blanketi pande zote mbili penye mwanga wa mchana. Libonyezeni polepole kwa kiganja, sehemu moja baada ya nyingine, mkitafuta kitu kigumu au chenye ncha. Kisha vuteni kila mshono kwa vidole viwili. Unaofunguka hapo utafunguka pia kwa teke la mtoto.

Si lazima kufumua kazi yote. Anzeni kushona sentimita 2 hivi kabla ya tundu na kumalizia sentimita 2 baada yake, kwa mishono midogo ya kurudi nyuma. Fungeni fundo, lifichwe kati ya kitambaa cha juu na bitana, na mkate mwisho wa uzi uwe mfupi. Nyuzi za bandi zote zitolewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwisho, lifueni kwa sabuni na maji safi, lisuuzwe vizuri, likaushwe juani na lipigwe pasi pande zote, kisha mlikague tena, maana baadhi ya mishono hulegea wakati wa kufua.

Mfano kutoka Marekani

Kanuni hii imetumika pia katika kazi kubwa. Mwaka 1987, katika mji wa San Francisco, jamaa na marafiki wa watu waliofariki kwa UKIMWI walianza kushona vipande vya kuwakumbuka. Kila kipande kilikuwa na futi 3 kwa 6, karibu na ukubwa wa kaburi. Oktoba mwaka huo vipande 1,920 vilitandazwa pamoja katika jiji la Washington. Wengi wa washonaji hawakuwa mafundi, na mishono yao ilipokelewa jinsi ilivyo, kwa kuwa ilikuwa mikono ya mama, kaka au rafiki. Lakini panapochanika hushonwa upya, ili kazi idumu.

Blanketi litumike vipi?

Blanketi zuri likitumiwa vibaya nalo ni hatari. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 alazwe chali, bila blanketi lililolegea, mto wala vitu laini karibu na uso, maana huweza kuziba pumzi. Penye baridi, ni afadhali kumwongezea nguo. Blanketi la viraka lifae kumbebea, kutandikwa juu ya mkeka anapocheza huku akiangaliwa, au kumfunika mama anayemweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, uso wa mtoto ukiwa wazi.

Kadhalika, msilihifadhi kwa vidonge vya naftalini vya kufukuza wadudu. Kwa watoto wengine dawa hiyo huvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano kali. Blanketi safi na kavu lililofungwa katika mfuko wa kitambaa latosha.

Basi akina mama, na akina baba mnaoshona, msiyaonee haya mablanketi yenu yaliyopinda. Mkija kujifungua, yaleteni pamoja na nguo nyingine za mtoto. Mkiwa na shaka juu ya mshono wowote, tuonyesheni. Sindano na uzi tunavyo, na kukaza mshono mmoja hakuchukui dakika tano.