Tembe au Pora? Jinsi ya Kumtambua Kuku Kabla ya Kumchinja

Siku moja nilifikiwa na mgeni. Nikaingia bandani, nikamkamata kuku wa miezi sita mwenye upanga mwekundu, mkali kwa wenzake, nikasema, "Huyu ni pora, hana faida ila nyama." Mke wangu alipompasua akaniita jikoni, akanionyesha viini vya mayai vimeshikamana tumboni kama shanga. Akasema, "Bwana, leo tumekula mayai ya mwaka mzima."

Ili nawe usipatwe na hasara hiyo, zishike dalili hizi.

Kwanza, upanga. Vifaranga wafikapo majuma sita hadi manane, walinganishe wale waliototolewa pamoja. Upanga wa dume hukua na kuwa mwekundu mapema. Wa jike hubaki mdogo na hafifu. Lakini tembe naye, akaribiapo kutaga, upanga wake huwa mwekundu. Hapo ndipo nilipokosea mimi: dalili hii yafaa kwa kuku wachanga tu.

Pili, manyoya. Hii ndiyo dalili ya kutegemewa. Kuku apatapo miezi mitatu hadi minne, mshike kwa upole, uyatazame manyoya ya shingo na ya kiuno, karibu na mkia. Ya dume ni membamba, yenye ncha kali, nayo hung'aa. Ya jike yana ncha za mviringo. Tena mkia wa dume huanza kutoa manyoya marefu yaliyopinda kama mundu.

Usiutegemee ukali, wala kikwaru, kwa maana koo mzee naye huweza kuota vikwaru. Wala umbo la yai halionyeshi kitakachototolewa, likiwa limechongoka au la mviringo. Tena usimminye kifaranga nyuma ili kumkagua: ni kazi ya mafundi, iliyoenezwa na Wajapani tangu miaka ya 1920, na mkono usiozoea huweza kumwua.

Umtambuapo tembe, mfunge uzi wa rangi mguuni, usikaze, ukaulegeze kadiri akuavyo. Kati ya madume mchague mmoja aliye bora. Huyo awatosha mitetea kumi. Waliosalia uwauze au uwale, lakini tembe mwache atage. Dakika moja ya kutazama manyoya ni bora kuliko majuto ya jikoni.