Sarafu za Vatikano na San Marino katika Masoko ya Italia

Ndani ya Italia zimo nchi mbili ndogo zenye kujitawala. Ya kwanza ni Jamhuri ya San Marino, juu ya mlima Titano, ambayo ukubwa wake ni kilomita za mraba 61. Ya pili ni Dola ya Mji wa Vatikano, yenye hektari 44 tu. Mashamba mengi ya mkonge yaipita kwa ukubwa. Zote mbili zimezungukwa na Italia pande zote, hata mtu hawezi kutoka humo asikanyage ardhi ya jirani. Walakini zote mbili zimepiga sarafu zenye alama zao wenyewe. Basi twataka kuchungua jambo moja: mtu aliyekuwa na sarafu yenye sura ya Papa, akavuka mpaka kwenda kununua mkate Roma, je, mwenye duka aliipokea?

Kwa sheria, aliipokea, wala hakuwa na udhuru wa kuikataa. Tuangalie kwanza jinsi haki hiyo ilivyopatikana, maana haikuja yenyewe.

San Marino ilitangulia. Mwaka 1862 ilifanya mapatano na Ufalme mpya wa Italia, na mwaka 1864 sarafu yake ya kwanza, ya shaba, thamani yake sentesimi 5, ikapigwa huko Milano. Mwaka 1898 zikafuata za fedha. Sarafu zikaendelea kupigwa vipindi vipindi mpaka mwaka 1938, kisha zikakoma kwa muda mrefu, zikaanza tena mwaka 1972.

Vatikano ilizaliwa kwa Mapatano ya Laterano ya tarehe 11 Februari 1929, na mwaka uliofuata nchi hizo mbili zikaandikiana mapatano ya fedha. Masharti yake ni mepesi kuyafahamu. Sarafu ya Vatikano iwe ya madini ile ile, uzito ule ule, upana ule ule na thamani ile ile kama sarafu ya Italia. Nayo ipigwe katika karakana ya fedha ya Italia mjini Roma. Kwa hiyo ipokelewe Italia, na ya Italia ipokelewe Vatikano, bila kupunguziwa kitu. Sarafu za kwanza zilichongwa na Aurelio Mistruzzi, nazo zilikuwa tisa: za shaba, za nikeli, mbili za fedha, na moja ya dhahabu ya lira 100. Mtu akizishika gizani asingeweza kuzipambanua na za mfalme wa Italia. Sura tu ndiyo iliyotofautiana.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Sura haikuipitisha sarafu sokoni. Kilichoipitisha ni ahadi ya hazina ya nchi kubwa kwamba itaipokea. Ahadi hiyo ikikosekana, sura haisaidii, hata ikiwa ni ya mfalme. Ushahidi wa neno hili twaupata Monako. Mwaka 1837 na 1838 Honoré wa Tano, mtawala wa nchi hiyo, alipiga sarafu za shaba za sentimu 5 na 10 kwa hesabu ya Kifaransa. Ufaransa haikuafikiana naye, na watu wa Ufaransa wakazikataa. Lakini lugha ina mambo yake: jina la sarafu hizo zilizokataliwa likabaki vinywani mwa Wafaransa, wakawa wakiita fedha yo yote, kwa mzaha, «monaco». Sisi tusiwacheke. Wadachi walileta sarafu ya heller katika Afrika ya Mashariki mwaka 1904, mahali pa pesa. Sarafu yenyewe imekwisha kutoweka, lakini hata leo Mtanzania asema hana hela.

Turudi Italia. Tumesema ya kuwa kwa sheria sarafu hizo zilikwenda sawasawa. Je, kwa desturi? Hapa yafaa kutofautisha. Zilipoonekana dukani zilipokelewa bila maneno, maana hapana aliyehasirika kwa kuzipokea. Lakini zilionekana mara chache. Sababu moja ni uchache wake: matone machache katika ziwa kubwa. Sababu ya pili ni watu wenyewe, mahujaji na wakusanyaji wa sarafu, ambao waliziweka sandukuni kama ukumbusho. Wahenga wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na katika fedha pia iliyo nzuri machoni pa watu hukaa nyumbani, ile ya kawaida ndiyo itembeayo.

Kulikuwa na wakati, katikati ya miaka ya 1970, ambapo Italia yenyewe ilipungukiwa sana na fedha ndogo ndogo za kuvunjia noti. Wenye maduka walirudisha peremende, stempu, au vile visarafu vya kupigia simu. Na mabenki yakatoa hundi ndogo ndogo za karatasi, za lira 50, 100 na kadhalika, zikashikwa mikononi hata zikararuka. Mwalimu akitaka kuwafundisha wanafunzi wake fedha ni nini, hatapata mfano bora kuliko huu: peremende yaweza kuwa fedha kwa siku moja, iwapo wawili wamekubali.

Lira ilikoma mwaka 2002, na euro ikachukua mahali pake. Nchi ndogo hazikupoteza haki yake, lakini sasa mapatano yalifanywa na Jumuiya ya Ulaya, Italia ikiwa msemaji wake. Vatikano iliruhusiwa sarafu za thamani ya euro 670,000 kwa mwaka, San Marino euro 1,944,000. Zilipokelewa kwa sheria katika nchi zote za euro, si Italia peke yake. Yaani soko lilipanuka mara nyingi. Na papo hapo, kwa vitendo, zikaadimika kuliko zamani, kwa sababu nyingi ziliuzwa ndani ya visanduku kwa wakusanyaji, kwa bei iliyozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Jambo hili lilichukiza, maana fedha isiyotumika ni pambo tu. Kwa hiyo katika mapatano mapya ya tarehe 17 Desemba 2009 Vatikano iliongezewa kiasi, lakini ikapewa sharti: asilimia 51 ya sarafu zake, kwa uchache, zitolewe kwa thamani yake halisi ili zitembee mikononi mwa watu. Iliyopigwa kwa wingi baada ya hapo ni ile ya senti 50.