Kishikwambi Jukwaani: Ni Nani Anayepiga Ngoma?

Mpunga ukishavunwa na kuingizwa maghalani, Ifakara hugeuka kuwa mji wa harusi na ngoma. Kwa miaka michache sasa, anayehudhuria shughuli hizo huona jambo ambalo baba zetu hawakuliona. Kando ya jukwaa husimama kijana mmoja, hana gitaa wala kinanda wala ngoma. Mkononi ameshika kishikwambi, yaani kile kibao cha kioo kinachofanana na simu kubwa. Akigusa kioo, ngoma hulia. Akivuta kidole kwenda juu, sauti ya mwimbaji hupanda. Wazee hutazamana na kuulizana: huyu anapiga muziki, au anachezea simu?

Swali hilo lisichekwe. Linahusu heshima ya wapigaji, riziki zao na hatima ya ngoma zetu, na lawahusu ndugu zetu wa Unguja na Pemba sawasawa na sisi wa bonde la Kilombero. Kwa hiyo yafaa tulijibu kwa kulifahamu jambo lenyewe, wala si kwa hasira wala kwa ushabiki.

Kwanza ieleweke kwamba, katika kazi hii, kishikwambi aghalabu hakitoi sauti. Kazi yake ni kama ya tarishi wa ofisini: hubeba amri na kuifikisha kwa mwenye kutenda. Kijana agusapo kioo, kishikwambi hupeleka ujumbe, kwa waya au bila waya, kwenye kompyuta, kinanda au miksa ya kuchanganyia sauti. Ujumbe wenyewe mara nyingi huandikwa kwa lugha maalumu iitwayo MIDI, ambayo watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana kuitumia mwaka 1983 ili vyombo vya viwanda mbalimbali viweze kuelewana. Lugha hiyo husema mambo kama haya: noti gani imepigwa, imepigwa kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, na imeachwa wakati gani. Sauti yenyewe hutoka kwingine.

Vioo vya kuongozea muziki si jambo la jana. Mwaka 2005 kampuni ya Kifaransa ya JazzMutant ilitoa chombo kilichoitwa Lemur, kilichokuwa kioo kitupu cha kuguswa, na bei yake ilikuwa ya wenye nacho. Mwaka 2010 ilipotoka iPad, kazi ileile ikawezekana katika kifaa ambacho watu walikinunua kwa shughuli nyingine. Miaka miwili baadaye zilikuwapo sokoni miksa zilizotengenezwa mahsusi ziendeshwe kwa kishikwambi. Fundi mitambo aliyekuwa amefungwa nyuma ya meza yake kama ng'ombe kwenye kigingi, akapata kufunguliwa.

Sisi nasi hatukuwa tumelala. Vijana wa Dar es Salaam waliopiga mchiriku katika miaka ya 1990 walichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingine huonekana kama vitu vya kuchezea watoto, wakavifanya vyombo vya kukesha navyo mtaa mzima. Waliowafuata, wa singeli, walikaa mbele ya kompyuta wakazikata na kuzikimbiza sauti kwa vidole. Santuri ya kazi zao iitwayo Sounds of Sisso ilitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikilizwa hata Ulaya. Visiwani pia, wapenzi wa taarabu wanakumbuka jinsi vinanda vya umeme vilivyotwaa nafasi ya fidla na kanuni katika taarabu ya kisasa, huku vikundi vya kale kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vikiendelea kuhifadhi namna ya zamani. Basi kishikwambi ni mgeni wa mwisho tu katika msururu mrefu wa wageni. Linalotupasa ni kuamua akae wapi.

Mwandishi wa makala haya alihudhuria harusi moja hapa mjini, ambapo wazee wapiga ngoma walialikwa pamoja na bendi ya vijana. Mwanzoni ngoma za wazee hazikusikika kabisa. Magitaa yalizimeza. Fundi mitambo, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichukua kishikwambi chake akatembea hadi nyuma kabisa, walikokaa akina mama waliochelewa. Akasimama pale pale, akasikiliza kwa masikio yao, akapunguza magitaa kidogo, akainua vipaza sauti vilivyokuwa mbele ya ngoma. Mara ngoma zikatoka wazi, na akina mama wakainuka. Zamani fundi alikaa penye meza yake, akasikia mambo mazuri yeye peke yake, ilhali walio mbali waliambulia kelele. Hapo nilikiri moyoni kwamba kifaa hiki kina kheri.

Lakini usiku haukwisha hapo. Ilipofika karibu saa tano umeme ukakatika. Spika zote zikanyamaza. Kishikwambi, kwa kuwa kina betri yake, kiliendelea kung'aa mkononi mwa kijana, na kila alipokigusa kilionyesha rangi nzuri za kijani na nyekundu. Hakuna kilicholia. Wazee walitazamana, wakasogea katikati ya uwanja, na ngoma ikaendelea gizani mpaka umeme uliporudi. Tarishi alikuwa na barua nyingi, lakini asiyekuwapo ni wa kuzipokea.

Fauka ya umeme, kuna udhaifu mwingine ambao wataalamu wenyewe hawauficho. Wa kwanza ni kuchelewa. Ujumbe unaosafiri bila waya huweza kuchelewa kidogo, hasa penye simu nyingi zinazogombea hewa ileile. Tusidhani kuchelewa huko hakuna maana. Sauti husafiri hewani kama meta 340 kwa sekunde. Aliye meta 10 kutoka kwenye ngoma husikia pigo baada ya takriban sehemu 3 katika 100 za sekunde. Kwa msikilizaji si kitu. Kwa mpigaji, ambaye mkono wake unangoja jawabu la sikio lake, kiasi hicho chatosha kumpoteza. Ndiyo maana mafundi wazoefu hutumia waya inapowezekana, au hufunga mtandao wao mdogo usioingiliwa na watu.

Udhaifu wa pili ni kwamba kioo hakina mashiko. Mpiga ngoma hujua kwa kiganja chake yuko katikati ya ngozi au pembeni. Mpiga kinanda hupapasa akajua. Mwenye kishikwambi lazima atazame, na akitazama kioo hatazami wachezaji. Katika sangula, ngoma inayojulikana sana Ulanga na Kilombero, mpigaji na mchezaji hufuatana. Ngoma isiyoona miguu ya mchezaji ni ngoma kipofu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Miezi kadhaa baada ya harusi ile nilihudhuria shughuli nyingine. Kijana mwingine alikuwa peke yake, na kishikwambi chake kilikuwa na sauti za ngoma alizozinasa kutoka kwa kikundi cha wazee. Aligusa kioo, na mapigo ya wazee yakajaa uwanja. Mmoja wa wazee hao alikuwapo kama mwalikwa tu. Alimsubiri kijana amalize, akamwita.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ngoma yangu nimeisikia. Umeipata wapi?"

Kijana, bila kuficha, akaeleza kuwa aliinasa kwa simu siku ya sherehe fulani. "Sikujua kuwa ina mwenyewe, mzee. Nilidhani ni ya kila mtu."

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Ni ya kila mtu kuicheza. Lakini ule mkono uliousikia ni wangu, na leo mkono huu haukualikwa."

Yule kijana hakuwa mwizi. Hakufundishwa. Na mwenye shughuli hakuwa na nia mbaya. Aliona kwamba kumlipa mtu mmoja ni rahisi kuliko kuwalipa sita na kuwatafutia usafiri. Hivyo ndivyo ngoma zinavyokufa: kwa hesabu ndogo ndogo za watu wema.

Wapo watakaosema kwamba muziki wa kishikwambi si muziki unaopigwa papo hapo, upigwe marufuku. Siafikiani nao. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, limejijengea jina kwa kushikilia kwamba muziki wa jukwaani upigwe kweli, usiwe wa kuimbia juu ya muziki uliokwisha rekodiwa. Msimamo huo ni mwema. Lakini kipimo chake kisiwe umbo la chombo. Kipimo rahisi ni hiki: je, anayepiga akikosea, kosa lake litasikika? Mwenye kishikwambi anayepiga kila noti kwa kidole chake, akayumba akasikika ameyumba, huyo anapiga. Anayegusa mara moja kisha akakunja mikono huku muziki ukiendelea, huyo amefungua redio tu, hata akitikisa kichwa namna gani.

Kwa viongozi wetu wa bara na visiwani nina maombi matatu. La kwanza, maofisa utamaduni wa wilaya wafundishe mafundi mitambo. Miksa ndogo inayoendeshwa kwa kishikwambi hubebeka ndani ya begi na yaweza kuvihudumia vikundi vingi vya ngoma kwa zamu. Lakini bila fundi mwenye sikio, itakuwa pambo la kabatini. Vishikwambi vyenyewe si vigeni kwa wananchi: vilitumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kisha vikagawiwa walimu. Havikutolewa kwa ajili ya madisko, lakini vinathibitisha kwamba watu wetu hujifunza kifaa kipya haraka wakionyeshwa.

La pili, haki za wapigaji zielezwe vijijini kwa lugha nyepesi. Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2003. Mzee wa Ifakara na mpiga msondo wa Makunduchi hawatanufaika na sheria wasiyowahi kuisikia. Kila anayenasa ngoma ya kikundi aombe ruhusa, aandikiane nao, na anapolipwa awagawie.

La tatu, katika sherehe za serikali, ambako mfano huanzia, vikundi vya ngoma visiachwe nje kwa sababu ya unafuu wa mtu mmoja na kioo chake. Kiongozi akialika ngoma, na ije na wenyewe.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tunaukumbuka ubao. Mwalimu alituandikia, nasi tukasoma mpaka herufi zikaingia kifuani, kisha tukauosha ubao ukabaki mtupu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ubao umehitimu. Kishikwambi nacho ni ubao, ila wa kioo. Siku kijana yule wa pili atakapoketi chini ya mzee, akajifunza pigo kwa kiganja kabla ya kuligusa kwa kidole, tutakuwa na wapigaji wawili badala ya mmoja. Nimepata kusikia kwamba alikwisha kwenda kumwona mzee huyo nyumbani kwake, akabeba kilo mbili za sukari na kishikwambi akakiacha nyumbani. Mwanzo huo ni mwema, na unahitaji kuungwa mkono.