Mlima wa Moto Chini ya Tairi

Anayepanga kuzunguka Kilimanjaro kwa baiskeli huanza na ramani, na ramani humjibu kwa kilometa. Akishafika barabarani ndipo anapojua kwamba kilometa kumi za Ngarenanyuki, chini ya jirani yake Mlima Meru, na kilometa kumi za Kibosho, kusini mwa Kilimanjaro, ni safari mbili tofauti kabisa. Huku vumbi linameza rimu, kule mteremko unamkaza mikono kwenye breki. Tofauti hiyo imo ardhini. Kilimanjaro na Meru ni volkano, na kila barabara ya vumbi inayopita kandokando yake imelala juu ya kitu kilichotemwa na mlima, kisha mvua ikakisaga kwa maelfu ya miaka. Ukijua mlima ulitema nini, na mvua inapendelea upande upi, utachagua njia, tairi, msimu na hata maji ya kunywa kabla hujatoka nyumbani.

Baiskeli inayozungumziwa hapa ni ile ya changarawe. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano ya lami, lakini fremu inapokea tairi pana na gia zake ni nyepesi kwa milima. Mchezo huu umekua haraka. Mwaka 2022 Italia iliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za changarawe, na mwaka mmoja kabla yake mbio za Migration Gravel Race zilikuwa zimeanza Maasai Mara, Kenya. Miongoni mwa waliousukuma mchezo huu katika ukanda wetu ni marehemu Suleiman Kangangi, Mkenya aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Aliamini kwamba barabara za vumbi za Afrika Mashariki zinaweza kulea mabingwa, na hapa kaskazini mwa Tanzania ushahidi uko wazi kwa yeyote anayezipita.

Kupanda au kuzunguka

Volkano kubwa humwaga maji yake pande zote kutoka kileleni, na makorongo hushuka kama mbavu za mwavuli. Mwendesha baiskeli ana chaguo mbili: kupanda mgongo ulio kati ya makorongo mawili, au kuyakata makorongo kwa kuzunguka. Anayepanda anakutana na mlima mmoja mrefu. Moshi mjini ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, geti la Marangu linakaribia mita 1,900, na katikati hakuna mahali pengi pa kupumzikia. Anayezunguka hudhani amejiepusha na adha hiyo, lakini kila korongo humshusha hadi darajani na kumpandisha tena. Jioni, jumla ya mita alizopanda inaweza kumzidi mwenzake aliyekwenda juu moja kwa moja.

Hapo ndipo mvua inapoingia. Msitu wa upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na upande wa kaskazini hupata pungufu sana. Maji ya kusini yamechimba makorongo mengi, yenye kina, yanayokaribiana. Kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Kirua na Kilema, vijiji vimekaa migongoni. Jirani wa ng'ambo unamwona kwa macho, lakini kumfikia ni kazi ya nusu saa. Upande wa kaskazini makorongo ni machache na barabara inatiririka. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mgeni wa njia hizi ni mmoja: kusini panda na kushuka, kaskazini zunguka.

Ardhi za aina nne

Ardhi ya kwanza ni lava iliyomwagika na kuganda. Hutokeza barabarani kama vichwa vya mawe vilivyokaa imara. Hutikisa mifupa, lakini tairi linashika.

Ya pili ni lile jiwe jepesi lenye matundu, jekundu au jeusi. Hiyo ni lava iliyorushwa hewani ikiwa imejaa gesi, ikapoa kabla ya kutua. Kilimanjaro imezungukwa na vilima vidogo zaidi ya 200 vilivyojengwa na milipuko ya pembeni, vingi vikiwa upande wa Rombo. Jiwe hilo huchimbwa kirahisi na kumwagwa barabarani kama moramu. Tatizo ni kwamba barabara nzuri ya changarawe inahitaji mchanganyiko wa mawe, mchanga na mfinyanzi kidogo wa kuvishikanisha, na jiwe hili halina mfinyanzi. Vipande vyake vyenye kingo kali hubingirika chini ya tairi, hasa kwenye kona za mteremko. Funga breki kabla ya kona, kisha ipite kona yenyewe ukiwa umeziachia.

Ya tatu ni majivu. Yakikauka huwa vumbi laini kuliko unga, linaloingia kwenye mnyororo na beringi. Mwishoni mwa kiangazi yanaweza kufika kifundo cha mguu, na hapo tairi jembamba huzama.

Ya nne ni udongo mwekundu wa kusini, yaani lava ile ile iliyooza kwa mvua na joto hadi ikawa mfinyanzi. Ukiwa mkavu na umeshindiliwa na miguu ya watu, hakuna barabara tamu kuliko hiyo. Ukilowa, unateleza, kisha unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Juu ya ardhi hizi zote kuna adui mmoja anayefahamika kwa kila dereva: vituta vidogo vidogo vinavyojipanga barabarani mfululizo. Watafiti wameonyesha kwamba vituta hivyo huanza pale gurudumu linapozidi kasi fulani. Likigonga kokoto huruka, likitua huchimba na kusukuma mchanga mbele, na gurudumu linalofuata hufanya vivyo hivyo mahali pale pale. Ndiyo maana huonekana zaidi kwenye sehemu kavu, zilizonyooka, ambako magari hukimbia. Mwendesha baiskeli asishindane navyo. Atafute ukingo wa barabara, alegeze viganja, anyanyuke kidogo kwenye kiti na kuacha baiskeli icheze chini yake.

Kutoka Meru hadi Chala

Njia ninayoipenda kwa kumfundishia mtu mambo haya inaanzia Usa River na kupanda kuelekea Momella. Mlima Meru una kimo cha takribani mita 4,566, na mlipuko wake wa mwisho ulitokea mwaka 1910. Ukiutazama kutoka mashariki utaona umebomoka ubavu mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita sehemu hiyo iliporomoka, na mawe na tope vikaenea hadi mbali upande wa Kilimanjaro. Vilima vidogo unavyovipanda na kuvishuka bila mpangilio karibu na Momella ni mabaki ya anguko hilo, na maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde yaliyo kati yake. Barabara hii inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako nyati na twiga huvuka wanavyotaka, kwa hiyo taratibu za kupita na baiskeli ziulizwe getini kabla ya siku ya safari.

Ukishuka Ngarenanyuki, kwenye mashamba ya nyanya ya umwagiliaji, jihadhari na maji. Miamba ya Meru hutoa madini ya floraidi kwa wingi, na visima na chemchemi nyingi za huku zimezidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokua wakiyanywa maji hayo hupata madoa ya kahawia kwenye meno, na wengine huathirika mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki. Mpita njia wa siku moja hayuko katika hatari ya mtoto anayeyanywa kila siku, lakini abebe maji yake, lita 3 au zaidi, kwani nyanda zinazofuata kati ya milima hiyo miwili ni kavu na za majivu matupu.

Ng'ambo ya nyanda hizo, barabara inapanda kuelekea Ngare Nairobi na Ol Molog, Kilimanjaro Magharibi. Hewa inapoa, mashamba ya ngano na viazi yanafunguka, na Shira, kilele cha zamani kilichokwisha kubomoka na kulika, kinajaza upeo wa macho. Hapa kuna ushoroba wa Kitendeni unaounganisha msitu wa Kilimanjaro na Amboseli. Tembo huutumia, na baiskeli haina mlio wa kuwatahadharisha. Pita mchana kweupe, usipite alfajiri wala magharibi, na mwulize mchungaji wa kwanza unayekutana naye wanyama wameonekana wapi.

Kutoka Kamwanga hadi Rongai unazunguka mgongo wa kaskazini, Kenya ikiwa kushotoni kwako, kisha unaingia Tarakea. Kuanzia hapo barabara kuu ya Rombo hadi Marangu ni lami. Wapo waendesha baiskeli wanaoisikitikia lami hiyo, nami siungani nao. Mama mjamzito wa Rombo na gunia la ndizi linalokwenda sokoni wana haki ya kwanza juu ya barabara. Anayetaka changarawe ashuke kwa njia za vijijini kuelekea Ziwa Chala, lililojaa ndani ya kreta mpakani mwa Tanzania na Kenya na kulishwa na maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Vilima vya jiwe jepesi viko kila upande, na hapo ndipo utakapojua kama somo la kufunga breki limekuingia.

Tairi, upepo na msimu

Kwa mzunguko huu tairi la upana wa milimita 45 hadi 50 linafaa kuliko jembamba. Upande mkavu una miiba ya migunga, kwa hiyo matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuzibia pancha ndani, yatakuokoa mara nyingi. Hata hivyo beba tyubu mbili. Upepo uwe mdogo kuliko wa lami, ila usipungue kiasi cha rimu kugonga jiwe. Mafundi baiskeli wa vijijini ni hodari, lakini mara nyingi pampu zao haziingii kwenye vali nyembamba za baiskeli hizi, hivyo beba kichwa cha kugeuzia. Gia nyepesi kabisa uliyonayo ndiyo utakayoitumia zaidi.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, pamoja na Januari na Februari. Juni na Julai huwa na baridi na ukungu, lakini ardhi bado imeshikamana na vumbi ni kidogo. Septemba na Oktoba mlima huonekana vizuri zaidi, lakini vumbi la majivu huwa jingi kupita kiasi. Machi hadi Mei ni masika, na udongo mwekundu uachwe upumzike.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko raha ya mwendesha baiskeli. Tairi la baiskeli haliumizi sana barabara iliyolowa, lakini gari la kusindikiza msafara huchimba mifereji, na jua likiwaka mifereji hiyo hukauka ikawa migumu. Anayeteseka nayo ni mwanafunzi anayetembea, bodaboda aliyebeba mgonjwa, na wanakijiji watakaoitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kuzibua mitaro na kufukia mashimo. Barabara ya changarawe hudumu kwa mtaro unaopitisha maji kabla hayajaila, na mtaro huo huchimbwa kwa jembe la mtu. Waandaaji wa misafara na mashindano wapange safari zao nje ya masika, wapunguze magari, walale na kula vijijini, na wachangie kazi ya mitaro katika njia wanazozitumia. Wenyeji wamezitunza njia hizi kwa miaka mingi bila kumtoza mpita njia hata senti, na deni hilo tunaweza kulilipa.